Historia ya Marehemu Filda Ayikoru na Siku Sita za Vitamini

Watumishi wa Mungu, wajomba zetu wa Adumi, majirani wa Dadamu, na wageni mliotoka Koboko na ng'ambo ya mpaka, mimi ni Ivan Anguyo, mzaliwa wa kwanza wa marehemu, na ukoo umeniomba nisome habari za mama yetu kwa Kiswahili ili sote tusikie kwa pamoja.

Marehemu Filda Ayikoru alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Adumi, mtoto wa tatu wa mzee Soka na mama Jovia, akaanza shule ya msingi mwaka 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975 akiwa msichana pekee wa darasa lake aliyefika mwisho, jambo alilotukumbusha kila tulipoleta ripoti mbaya nyumbani.

Mwaka 1980 vita vilimpeleka ukimbizini Zaire pamoja na wazazi wake, na hukohuko, tarehe 6 Juni 1982, alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Amandu wa hapa Dadamu, wakarudi nyumbani mwaka 1986, wakajaliwa watoto wanne, yaani mimi, Sandra, Daisy na Acidri, na wajukuu kumi na mmoja. Baba alitutoka tarehe 19 Novemba 2009, na mama hakuolewa tena.

Alikuwa mkulima wa muhogo na simsim, na tangu mwaka 2003 alijitolea kama mhudumu wa afya wa kijiji, akipita nyumba kwa nyumba na saa yake ya mkononi, akihesabu pumzi za watoto wanaokohoa, na mtoto aliyehema kupita kiasi alimbeba mwenyewe hadi kituo cha afya, huku akimgombeza baba wa mtoto njia nzima. Wengine wenu mliobebwa hivyo mmekaa hapa leo na ndevu zenu.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Karatasi ya kamati ya mazishi inasema aliugua kwa muda mfupi, na mimi ndiye niliyeomba iandikwe hivyo. Lakini wajomba wana haki ya kuambiwa kilichomuua binti yao kabla kaburi halijafungwa, na asubuhi hii nimeshindwa kuusoma mstari ule mbele ya jeneza lake, kwa hiyo nimeufuta.

Tangu mwaka 2021 nauza katika duka langu Koboko vidonge vya vitamini C na zinki, vile vinavyochemka kwenye maji, pamoja na vile wanavyoita vya kusafisha mwili, na nimesema redioni, kwa sauti hii mnayoisikia, kwamba anayevinywa kila siku mafua hayamshiki, na yakimshika yataondoka bila hospitali. Sikusomea udaktari, nilisoma karatasi iliyokuja ndani ya katoni, nikaiamini, na mama akaniamini mimi.

Jumanne tarehe 2 Septemba 2025, akiwa amenitembelea Koboko, alianza mafua na homa, nikampa vidonge vyangu asubuhi na jioni, na Sandra alipopiga simu kutoka Arua akitaka tumpeleke hospitali, nilimkemea kwamba anaaibisha biashara yangu. Jumamosi mama alivua saa yake, akajihesabu, akaniambia, "Anguyo, pumzi yangu iko thelathini na nne kwa dakika moja, kama ingekuwa mutu ingine mimi nilishapeleka yeye hospitali." Nikamwongezea vidonge viwili, akavinywa, akaniambia asante.

Jumatatu jirani yangu Faridah alikuja kumjulia hali, akauona mdomo wake umebadilika rangi, akaita gari bila kuniuliza. Hospitalini walisema ni mafua makali yaliyozaa nimonia, wakampa oksijeni, wakapambana, lakini Jumatano tarehe 10 Septemba, saa tano asubuhi, alikata roho. Daktari aliniambia kwamba vitamini hazikumuua, zilizomuua ni siku sita. Naona aibu, jamaa zangu, naona aibu kusimama hapa nikiitwa mtoto wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea akiwa amecheleweshwa na hawakututukana, wahudumu wenzake wa afya waliolala matanga nasi, majirani wa Dadamu kwa kuni na maji, na Faridah, aliyefanya kazi ya mtoto wakati mtoto yupo.

Mlionunua kwangu, msiniletee pole, ukiwa na mtu nyumbani anayehema kwa shida mpeleke leo. Na Mama Mdogo Margarita, mdogo wake marehemu, uliyekaa pale karibu na jeneza, unakohoa siku ya nne sasa, nimekuhesabu pumzi tangu ibada ilipoanza, umepita thelathini, na kwenye mkoba wako kuna kopo nililokupa mimi. Gari liko tayari. Wajomba, najua udongo wa kwanza ni wa mzaliwa wa kwanza na kwamba mtanihukumu nisipoutia, lakini namwachia Sandra, mimi naondoka na Mama Mdogo sasa hivi, kabla ya kaburi.

Mama, sitakuwepo wakikushusha. Lala kwa amani, upumzike.