Akili Iliyotoroka Koridoni

Basi la kwenda mji wa Tarn Taran lilikuwa halijatoka hata nje ya Amritsar, na tayari Nasib Kaur, mama wa makamo aliyeketi mbele yangu, alikwisha kumwambia jirani wa kiti asiyemjua kwamba mumewe amepasuliwa moyo, ameamka salama, na yeye anakwenda nyumbani kumchukulia nguo.

“Basi furahi, dada,” akasema jirani, dereva mstaafu wa malori aliyejitambulisha kuwa Bachittar Singh.

“Nafurahi, kaka, ila naona haya. Walipokuwa wanampasua nilikaa koridoni nikitaja jina la Mungu, Waheguru, Waheguru, bila kukoma. Ulimi kwa Mungu, akili kwa nyati wangu wa maziwa kule nyumbani: nani kamkamua? Huko ni kumkumbuka Mungu, au kelele tu?”

Bachittar akacheka. “Mimi nimemtaja nikiwa kwenye usukani maisha yangu yote. Ningefumba macho nitafakari, leo ungekuwa unaongea na nani?”

“Usinitanie. Jina bila moyo ni ukasuku.”

“Na akili ilipotoroka, nani aliirudisha? Si jina hilohilo?”

“Ikirudi, inatoroka tena!”

“Unairudisha tena. Ndiyo ibada yenyewe.”

“Ibada ya wavivu hiyo!”

Basi zima lilikuwa linasikiliza. Mimi nilijifanya nimelala.

Tulipofika, simu ya Nasib Kaur ikalia. Akasikiliza, akajifunika uso kwa shela. “Mume wangu amekunywa chai,” akatuambia sote. “Waheguru!”

Akasimama, analia huku anacheka. Bachittar, badala ya kuendeleza ubishi, akampokea mzigo wake ashuke.