Kibaba cha Baba na Baruti Mpya

Torleiv Bjørnsmoen alizaliwa tarehe 11 Februari 1949 huko Øvre Rendal, mtoto wa pili wa Mzee Halvor na Mama Ragna. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alitembea kabla ya kukaa, na kukaa kwenyewe hakujifunza vizuri hata uzeeni.

Alisoma shule ya kijijini, kisha ufundi wa mitambo mjini Hamar. Hakumaliza. Mwaka 1967 alipanda meli ya mizigo kutoka Oslo akaiona Antwerp, Santos na Durban, na kila bandari aliikinai kabla nanga haijatulia. Alirudi mwaka 1976, akawa fundi wa misumeno katika kiwanda cha mbao hadi alipostaafu.

Tarehe 16 Juni 1979 alimwoa Gudrid Nyhus, muuguzi. Ndoa ilidumu, ingawa Bi Gudrid alizoea kumwambia, “Keti basi, angalau kahawa ipoe.” Marehemu aliinywa amesimama dirishani.

Kilichomnyima raha zaidi kilikuwa kitu kidogo kuliko kidole gumba. Mzee Halvor alikuwa amekata ganda la risasi, akalipiga tupa, akalitia mpini wa waya. Hicho ndicho kilikuwa kibaba chake cha baruti: kimoja kilichojaa kwa kila risasi ya Krag, bunduki ya zamani ya kuwindia kulungu. Mzee alipofariki, bunduki na kibaba vilimwangukia kaka mkubwa, Oddvar.

Marehemu, aliyekuwa akijaza risasi zake kwa mizani, alilinganisha jedwali la vipimo vya baruti la ujana wa baba yao na jedwali jipya. Kwa bunduki ile ile, jipya liliruhusu baruti pungufu kuliko la zamani. Hakutulia mpaka ajue sababu. Aliendesha gari kutoka uwanja mmoja wa shabaha hadi mwingine, hata ng’ambo ya mpaka Uswidi, akiuliza. Aliambiwa kwamba zamani mgandamizo wa baruti inapolipuka ndani ya bunduki ulipimwa kwa kipande cha shaba kilichobonyea, na leo vyombo vya umeme vinaona kile ambacho shaba haikukiona. Kwamba komeo la Krag, linaloziba nyuma ya mtutu risasi inapolipuka, hushikiliwa na jino moja tu. Na kwamba baruti ya leo, japo kopo lina jina la zamani, chembe zake zimeshikana zaidi, hivyo kibaba kile kile hubeba uzito mkubwa.

Oddvar alicheka. Waandishi wa jedwali jipya wanaogopa mahakama, alisema. Bunduki ni ile ile, kulungu ni wale wale.

“Kaka, bunduki ni ile ile,” marehemu alimjibu. “Baruti siyo. Limebaki jina tu.”

“Wewe ulikuwa Santos wakati Baba ananifundisha.”

Neno hilo lilichoma. Vuli moja, baada ya kufyatua, komeo la bunduki ya Oddvar likagoma kufunguka mpaka alipoligonga kwa gogo, dalili ya baruti kuzidi, naye akasingizia baridi. Marehemu alimsihi, wakagombana, wakaacha kuwinda pamoja. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, lakini hawakuuliza kimejazwa nini.

Mwaka 2022 marehemu alipatikana na saratani ya mapafu. Katika hospitali ya Elverum alizunguka ukumbini akiburuta chuma cha dripu, na msimu wa kuwinda wa mwaka uliofuata ulipokaribia aliwauliza wote waliomtembelea swali moja: Oddvar ameshajaza risasi?

Mwishoni mwa Agosti Oddvar alikuja mwenyewe. Alikuwa ameazima mizani kwa jirani. Alikiweka kibaba juu ya shuka.

“Kimepita hata jedwali la zamani, mdogo wangu,” alisema. “Risasi nimezivunja zote. Baruti nimeirudisha koponi.”

Marehemu alikifumbata akalala mchana kutwa, jambo ambalo Bi Gudrid hakuwahi kuliona. Alifariki tarehe 2 Septemba 2023.

Ameacha mjane, Bi Gudrid, watoto, Ingunn na Håvard, wajukuu watatu, na kaka yake Oddvar, ambaye leo asubuhi amekibana kibaba kwa koleo kikawa bapa, akakitia katika mfuko wa shati la marehemu. “Nenda nacho,” alimwambia. “Baba akikuuliza, mwambie nilikupima kwa kipimo cha zamani.”

Torleiv, kaka yako yu salama. Sasa keti.