Padri Aliyekuja Kunyamaza

Ndugu zangu, Bwana asifiwe hapa Kasongo, asifiwe mpaka kule Kabambare! Mimi ni katekista wenu wa miaka mingi. Mnanijua kwa domo langu. Leo nasema jambo ambalo domo hilo lilificha.

Babu yangu alibatizwa na wamisionari wa kwanza. Shirika lao lina kanuni: ukifika kwa watu, sema lugha yao, kula chakula chao. Walijenga shule na zahanati, na wengine wamezikwa hapa kwetu. Nilijivunia sana hayo. Kisha vita vikaja, mapadri wakaondoka. Wiki ileile binti yangu Feza akafa kwa homa. Nilimzika mwenyewe kando ya shamba, bila misa.

Nilikasirika, ndugu zangu! Niliendelea kuwasalisha, nikawaandaa watoto wenu kwa komunyo ya kwanza, lakini moyoni niliapa sitapokea kitu mkononi mwa mtu wa shirika lile. Hata waliporudi, saa ya komunyo nilijifanya napanga watu mustari. Hakuna aliyeshtuka.

Ndipo akaja Padri Anselimu, Mwafrika kama sisi, kutoka Burkina Faso. Alikuwa wa shirika lilelile, na katika shirika hilo mgeni hahubiri miezi ya kwanza. Anajifunza lugha tu. Mwalimu wake akawa nani? Mimi! Nikampeleka shambani makusudi, alime mihogo juani mpaka atamani kwao. Wapi! Alilima huku akiuliza jina la kila kitu kwa Kibangubangu, lugha yetu ya nyumbani, hadi tukafika penye kaburi.

"Baba katekista, na hapa iko nini?"

"Hapa iko mutoto wangu. Wenzako walikimbia, nikamuzika mimi peke yangu."

Akaweka jembe chini, akapiga magoti.

"Wakati ule nilikuwa ningali ku masomo. Lakini shirika ni moja. Walipoondoka, ni mimi niliondoka. Unisamehe, baba."

Miaka yote nilikuwa nimemwandalia maneno makali mtu atakayejitetea. Huyu hakujitetea. Nililia, mtu mzima mimi, kisha nikaungama palepale kati ya mihogo. Yesu alinifungua!

Miezi ya kunyamaza ilipokwisha, Padri alihubiri mara ya kwanza kaburini pale, kwa Kibangubangu cha kujikwaakwaa, katika misa ya Feza. Nikapokea komunyo mkononi mwake.

Asante Mungu wangu! Nawe uliyeachwa peke yako siku ya msiba, mwambie Yesu hasira yako yote, bila kuipamba. Mwamini. Mimi sasa nalitaja jina la mwanangu, na moyo umetulia.