Kadi ya Kulalia

Basi la mji wa Orlando lilielekea bustani ya mabembea. Yolanda, kiti cha nyuma, alijifanya anachezea simu, kumbe masikio yote yako mbele.

"Unalipia kadi ya mwaka mzima na hata bembea moja hupandi?" mzee Dwight alimshangaa bibi aliyeketi kando yake.

"Nipande nitapike? Mimi naenda kulala. Kuna ukumbi wa sanamu za mitambo, zinatikisa vichwa na kuhutubia watu, humo nalala fofofo."

"Si ulale kwako, bure!"

"Kwangu nani ataongea? Marehemu mume wangu alikuwa haachi kusema mpaka nisinzie."

"Nunua redio, mama!"

Basi likafunga breki langoni. Bibi akashuka, akageuka. "Redio inaweza kukugeukia ikakutazama?"

Yolanda, ambaye mumewe yu hai na haongei, akaanza kutafuta bei ya kadi kwenye simu.