Siku Kabula Alipomfokea Mwalimu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wale wa nyuma mbona kama mmeshiba viporo? Asifiwe tena!

Mnanijua, fundi baiskeli mwenye maneno mengi. Leo sitanii.

Mwanangu Kabula yuko darasa la kwanza. Nyumbani anaongea mpaka kuku wanakimbia. Akivuka mlango, kimya! Shuleni kimya, kanisani kimya, hata ruhusa ya chooni haombi. Watu wakasema kiziwi, bubu. Nikiwaambia, "Jamani, huyu anaongea kunizidi!" wanacheka: "Wewe nawe na utani wako!" Ndugu zangu, ukizoeleka kwa utani, siku ukisema kweli huna shahidi.

Dada yangu akaja kutoka Igalula. "Kuna mzee kule anakata vimeo. Jumamosi naondoka naye, ataongea tu." Mtoto akatwe kinyama cha kooni kwa wembe! Nikamkimbiza hospitali. Daktari akapima: masikio mazima, koo zima. Akasema, "Mbele ya watu hofu inamfunga. Msimlazimishe, msimkodolee macho."

Dada akasonya. "Jumamosi iko palepale."

Nililia kwa Mungu, mwanaume mzima! Nikamweleza mwalimu wake pia. Ijumaa akaja nyumbani, mama wa watu, hakuuliza kitu. Akakaa nasi kwenye ungo tunabambua karanga za mbegu. Mnajua karanga, hamna wa kukutazama usoni, kila mtu macho kwenye ganda lake.

Mara nasikia: "Mwalimu, mbona unachanganya na mbovu? Hizo haziwezi kuota!"

Kabula! Karanga ilinikwama kooni! Dada akaachia ungo, pu! Aliyekuwa bubu sasa ni mwalimu. Halafu mwalimu mwenyewe akajibu taratibu, hajainua kichwa: "Haya mama, nionyeshe nzuri." Akaonyeshwa, tena kwa kufokewa!

"Yesu wangu," dada akasema. Jumamosi alipanda treni peke yake. Haleluya!

Sasa shuleni anamnong'oneza mwalimu na rafiki yake mmoja. Mbele ya darasa bado, lakini kwa hicho hicho namshukuru Mungu. Wewe mwenye mtoto kama wangu, weka wembe chini, mpeleke akapimwe, halafu mtumaini Bwana na umsubiri mtoto.

Jumapili ijayo nakuja naye. Wazee wangu, nawaomba, msimshike mkono pale mlangoni, "Hebu sema shikamoo tusikie." Ya kwake ataileta mwenyewe akiwa tayari. Leo pokeeni kwangu, naisema kwa niaba yake: shikamooni!