Targelia Moposita na Kisanduku cha Saba

Marehemu Targelia Moposita Yánez alizaliwa hapa mjini Pailones tarehe 14 Machi 1961, nyumba ya tatu kutoka mtoni, akiwa kifungua mimba wa Mzee Abdón Moposita na Bi Delfina Yánez. Kabla hajafumba macho aliomba wasifu huu usomwe wote, bila kumpamba, pamoja na habari ya mafuriko ya mwaka 2011. Alitaka watu wa kando ya mto wamsamehe, na hilo alilitaka kuliko maua.

Alisoma kwa masista, kisha chuo cha ufundi Ambato, akahitimu umeme na redio mwaka 1983. Alikuwa msichana wa kuota mchana. Mama yake alizoea kumkuta bombani, ndoo imejaa na maji yanamwagika, yeye anausikiliza mto.

Tarehe 6 Januari 2002 alikabidhiwa visanduku kumi na viwili vinavyopima maji ya mto tangu mlimani na kupeleka habari kituo cha zimamoto. Ndani ya kila kisanduku mna kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi. Targelia alichomeka waya, akaketi juu ya jiwe, kompyuta yake mapajani, akaandika amri mstari baada ya mstari: mlango wa mtandao fungua, anwani yako ni hii, njia ya kwenda mjini ni ile. Alisema ni kama kumwamsha mtoto na kumwambia yuko wapi. Mwaka wa kwanza, akiwa ofisini, aliingia kisanduku cha tatu kwa mbali, akaufunga mlango uleule aliopitia. Alitembea saa tano kwenda kuufungua, na wiki nzima wazima moto walimuuliza kama na nyumbani hujifungia nje.

Anwani iliyotolewa kwa amri tu hupotea umeme ukikatika. Ili idumu, lazima iandikwe kwenye faili. Visanduku kumi na kimoja aliviandikia. Cha saba, kule Pucaloma, hakukiandikia. Radi ikipiga, kiliamka kimesahau kila kitu, naye akapanda kukikumbusha.

"Kina kichwa kigumu," alimwambia bosi wake.

Ukweli ni kwamba jirani na kisanduku hicho aliishi Euclides Toapanta, mfuga llama, wale wanyama wa mizigo wa milimani, mtu wa maneno machache na chai ya mdalasini, na Targelia hakuwa na sababu nyingine ya kupanda. Kisanduku kikinyamaza, Euclides alitazama alama za maji kwenye mwamba na kuita mjini kwa redio. Kule juu ukungu hushuka polepole mpaka llama wabaki miguu tu inayotembea. Targelia alisema hajui kama saa zile alikuwa macho au amelala, ila ndizo alizoishi kweli.

Tarehe 9 Mei 2011 kisanduku kilikuwa kimenyamaza tangu jana yake, na ukungu ukauficha mwamba. Euclides hakuona kitu. Mto ulifika Pailones bila king'ora. Hakufa mtu, lakini ulichukua jiko la jirani yake, Doña Maruja Pilamunga, na nguruwe wake wote. Kesho yake Targelia alipanda akilia, akaandika anwani kwenye faili. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Aliona aibu, na hakumwambia mtu.

Baada ya wiki tatu alipanda tena.

"Leo kimeharibika nini, injinia?" Euclides aliuliza.

"Hakijaharibika."

"Sasa umekwea huku kote kufuata nini?"

"Ukungu."

"Ukungu hata huko chini upo, mama."

"Wa chini hauna mtu wa kunichemshia chai."

Walifunga ndoa tarehe 2 Februari 2013, bibi harusi akiwa na miaka hamsini na mmoja. Hawakujaliwa mtoto.

Novemba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Kila adhuhuri Doña Maruja alimletea supu ya viazi, naye aliinywa akijua asilosema. Tarehe 15 Juni alilisema.

"Maruja, kile kisanduku ningekiponya kwa mstari mmoja. Sikutaka. Nilitaka sababu ya kupanda."

"Kwa yule mzee wa llama?"

"Kwake."

"Miaka kumi na miwili nagombana na Mungu juu ya ule ukungu, kumbe ni wewe!"

Akachukua sufuria lake, akatoka bila kuaga. Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata. Kila adhuhuri Targelia aliuliza kama kuna mtu amebisha mlangoni. Alifariki tarehe 21 Juni 2023, alasiri, dirisha la upande wa mto likiwa wazi.

Ameacha mume, Euclides. Mdogo wake, Luzmila. Mpwa wake, Jimena, anayesoma haya. Na visanduku kumi na viwili ambavyo asubuhi hii vyote vimeitika. Ameacha pia jirani, Doña Maruja Pilamunga, ambaye jana aliingia bila hodi, akawatoa watu chumbani, akauliza, "Sabuni iko wapi?" Kisha akamwosha marehemu na kumsuka nywele kwa mikono yake mwenyewe.

Alale Targelia, moyo wake umetulia.