Mama Diski na Barua Isiyo Yake

Kabla sijamsifu Mama Diski, nikiri kwamba kuna jambo lake nimelificha miaka ishirini na saba. Daktari wangu amenishauri nisiahirishe mambo.

Anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na sita katika chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, ambacho mimi nilikuwa mkuu wake.

Alianza na diski zile laini, pana kama kisahani cha chai. Alitufundisha kwamba ndani ya ganda mna utando uliopakwa unga wa chuma, na kwamba maandishi yote yameshikwa na sumaku. Sumaku nyingine ikisogea, yanapotea. Ndiyo maana alihamisha redio ya tarishi na spika yake. "Diski haili wala hainywi, kaka," alimwambia, "lakini ina wivu." Tarishi akajibu kwamba aliwahi kuoa wa namna hiyo.

Kisha zikaja diski ndogo, ngumu. Ile laini, ukitaka isifutike, uliziba pengo la ubavuni kwa karatasi ya gundi. Hizi zilikuwa kinyume: kidirisha kikiwa wazi, haifutiki; kikizibwa, inafutika. Aliandika onyo hilo kwa wino mwekundu, akalibandika ukutani.

Mwezi wa pili tangu zije, diski ya wagonjwa wa kisukari ilikutwa tupu, kidirisha kimezibwa. Kikaoni aliniambia maneno machache tu: "Mzee, zangu naziacha wazi." Hakuaminiwa, maana ufunguo wa kabati la diski alikuwa nao. Barua ya onyo ikaingia katika jalada lake, ikamnyima cheo mara mbili. Naye alikaa miezi saba akichapa upya kadi elfu moja na mia moja, bila kununa, na hakuna mgonjwa aliyekosa dawa kwa sababu yetu.

Asante, dada yetu. Macho yako yapumzike, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Nimemwandikia mkurugenzi aiondoe barua ile kabla ya tarehe 30. Niliisaini mimi. Ufunguo wa pili wa kabati ulikuwa wangu. Jioni ya kuamkia siku diski ilipokutwa tupu nilitaka nakala yake, nikaziba kidirisha nikidhani nailinda diski, kama tulivyozoea, kisha nikakosea upande, nikanakili diski tupu juu ya ile iliyojaa. Niliifuta mimi, na asubuhi nilikaa kimya.